Waraka wa Siri na Darasa la Ngumbaro

Karanga zenyewe zilikuwa na uvundo, tuliseme hilo mapema, mtu asije akadhani Zahoro aliingia kwenye biashara ya siri za serikali akiwa ameshiba. Alizinunua mbele ya duka la Makame, hapo Tunduma, akazimwaga mdomoni zote kwa mkupuo mmoja, na alipotaka kuitupa karatasi zilimofungwa akaona mhuri mwekundu pembeni: SIRI.

Chini ya mhuri paliandikwa: *Yahusu upungufu wa fagio.* Ofisi fulani, ambayo jina lake lilikuwa limeliwa na mende, ilikuwa ikiomba fagio kumi na mbili. Basi. Hakuna la ziada. Zahoro akacheka peke yake, akaikunja karatasi aitupe, mara akasikia mtu anampumulia shingoni.

"Ndugu," Makame mwenye duka akanong'ona, "umeshamaliza?"

"Karanga nimemaliza."

"Siulizi karanga."

Sasa huyu Makame, kwa miezi miwili mfululizo, alikuwa amewaapia wanawake wote wa Tunduma kwamba sabuni hakuna, haipo, labda waende wakaitafute mwezini. Lakini aliinama pale chini ya meza ya barazani, akasogeza gunia la chumvi, akaibuka na nusu ya mche wa sabuni, akamtia Zahoro mkononi. Kisha akaisoma ile karatasi mara mbili, jasho likimtoka.

"Fagio kumi na mbili," akasema taratibu. "Unadhani wanamaanisha nini?"

"Wewe unadhani nini?"

"Si fagio."

"Hayo umesema wewe, Ndugu Makame. Mimi sikusema kitu."

Makame akarudi ndani akiwa na furaha ya mtu aliyeitwa Ikulu. Zahoro akabaki na sabuni yake mkononi, akiuangalia ule mhuri. Watu hawa, akajiambia, hawataki kujua kitu. Wanataka kujua kitu ambacho jirani hajakijua.

Na wazo hilo lilimjia wakati mzuri, kwa maana alikuwa na shida kubwa. Alikuwa amefika Tunduma miezi mitatu nyuma kwa treni ya TAZARA, hana kazi, hana shamba, ana shati moja jeupe na maneno mengi. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Yonathani, mtu mrefu asiyecheka, alikuwa amemwita Jumapili akamwambia: "Ndugu Zahoro, Jumamosi linakuja trekta la kijiji. Wote wasio na kazi watapanda, waende Galula wakalime. Na wewe nimeshakuandika." Zahoro alikuwa ameshika jembe mara moja tu maishani, akapata lengelenge na, kwa maelezo yake mwenyewe, homa ya siku tatu. Afadhali jela, jela kuna kivuli. Lakini kulikuwa na lori la Ijumaa la kwenda Mbeya, na dereva wake hachukui mtu mikono mitupu. Anataka mzigo wa maana, sabuni, sukari, mafuta, bidhaa ambazo zinamfanya mtu asiulizwe maswali.

Basi jioni ile ile akajifungia chumbani, akatoa kalamu, na kwa mwandiko mzuri ajabu akaandika waraka. Alieleza kwamba, kwa ajili ya kudumisha ujirani mwema, mpaka wa Tanzania na Zambia utasogezwa hatua mia nne kuja upande wetu. Nyumba zote za mtaa wa chini, pamoja na watu, choo na mifugo, zitaamkia Zambia, ambako, kila mtu alijua au alidhani anajua, sabuni iko tele na sukari inauzwa bila foleni. Akaandika fungu la kwanza, la pili, mpaka la sita, hapo mkono ukamchoka akaweka nukta. Mhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Alipougonga ndipo akagundua kosa: herufi zilitoka zimegeuka, yaani zinatazama nyuma.

Unadhani aliuchonga upya? Thubutu.

"Mbona mhuri umegeuka?" Makame aliuliza kesho yake.

"Ungekuwa unasomeka, ingekuwa siri hiyo?"

"Kweli. Na mbona umeandikwa kwa mkono?"

"Siri kubwa haipigwi chapa, Ndugu yangu. Mpiga chapa si angeisoma?"

Makame akatikisa kichwa kwa heshima. Zahoro akamweleza kwamba yeye ni mtumishi wa Shirika la Usambazaji wa Siri, ambalo lenyewe ni siri. Liko shirika la usagishaji, la nyama, la uvuvi. Siri zimekosa nini mpaka zisiwe na shirika lake? Kazi ya shirika ni kuwafikishia wananchi wachache, wenye kuaminika, yale ambayo serikali imeyaficha. Halafu akashusha sauti, akasema lile neno ambalo alikuwa akijisifu nalo kuliko yote:

"Lakini mimi mwenyewe sijaisoma. Macho yangu hayajaigusa. Mimi mchukuzi tu. Nikiisoma nafungwa, ukiisoma wewe, nani atajua?"

Lilikuwa neno tamu, kwa maana mtu akishasoma akija na maswali, Zahoro anafunga macho na kusema, "Usiniambie, Ndugu, nina watoto." Hakuwa na hata paka.

Kufikia Jumatano chumba chake cha uani kilijaa. Makame peke yake alileta katoni mbili za sabuni ili asome mara ya pili, na ya tatu ili ahakikishe ni yeye tu aliyeonyeshwa. Wengine wakaja na sukari, doti za khanga, mafuta ya kula, betri za redio. Kila mmoja aliapishwa asimwambie mtu, na kila mmoja alitoka akiwatazama wenzake kwa huruma. Wenye nyumba za mtaa wa juu wakaanza kubembeleza kubadilishana na wa mtaa wa chini. Makame akaanza kuwasalimia wateja kwa Kibemba, "Mulishani! Mulishani!", ili mpaka ukifika umkute ameshajiandaa.

Mwenye nyumba alikopanga Zahoro alikuwa mjane wa Kinyiha kutoka Nanyala, Mama Ketrina, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye kila Alhamisi alasiri alikwenda kwenye darasa la ngumbaro, kule wanakofundishwa watu wazima wasiojua kusoma. Jumatano ile alimkuta Zahoro anafunga mzigo.

"Mwanangu, nasikia nyumba yangu inakwenda Zambia."

"Nani amekwambia, mama?"

"Hakuna aliyeniambia. Wote wamekataa kuniambia, ndiyo maana nikajua." Akaketi juu ya kinu. "Wenzangu wa darasani nao wanataka kuuona huo waraka. Tuko arobaini. Sisi sabuni hatuna, sabuni si hakuna? Lakini kila mmoja anaweza kuja na kuku."

Zahoro akaacha kufunga mzigo. Kuku arobaini! Aliwaona wamepangana juu ya lori, wanataga njia nzima mpaka Mbeya.

"Mnajua kusoma, mama?"

"Aa, tuko nyuma sana, mwanangu. Tumefika kwenye *baba*."

Moyo ukamtulia. Watu waliofika kwenye *baba* wakitazama waraka wataona wadudu wamepangwa mstari. Atawainulia karatasi juu, watashangaa, atachukua kuku, kwaheri.

Alhamisi saa tisa alifika kwenye uwanja wa ofisi ya tawi. Kina mama walikuwa wameketi kwenye mabenchi, na kuku wamefungwa miguu kando ya ukuta, wakubwa, wa kienyeji, wanalalamika. Na pembeni yao, kwenye kiti, daftari gotini, aliketi Mzee Yonathani. Kumbe balozi ndiye msimamizi wa kisomo. Zahoro alitaka kugeuka. Lakini aliwatazama wale kuku, na wale kuku wakamtazama.

"Ndugu Zahoro," akasema Mzee Yonathani, "nasikia una waraka. Umeusoma?"

"Sijausoma, Ndugu Balozi!" Zahoro akaweka mkono kifuani. "Macho yangu hayajaugusa. Naapa mbele ya kina mama hawa, na mbele ya kuku hawa, sijui hata neno moja lililomo."

"Vizuri," akasema Mzee Yonathani, akaandika hilo kwenye daftari. "Mama Ketrina, soma."

Na hapa inafaa nieleze jambo ambalo Zahoro, pamoja na ujanja wake wote, hakulijua. Ngumbaro hawasomi kimoyomoyo. Hawakufundishwa hivyo. Mmoja anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na darasa zima linaitikia. Hata barua ya mapenzi wangeisoma hivyo. Mama Ketrina akaichukua karatasi mkononi mwa Zahoro, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta mbali na macho, akajaza kifua hewa.

"WA-RA-KA!"

"WA-RA-KA!" wakajibu arobaini.

"WA SI-RI!"

"WA SI-RI!"

Hivyo ndivyo siri ile ilivyotangazwa. Fungu la kwanza lilisikika stendi. La pili likafika forodhani. Kwenye la tatu, *m-pa-ka u-ta-so-ge-zwa*, madereva wa malori walizima injini wapate kusikia vizuri, na hata ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, watu walisimama na mizigo kichwani. Makame alikuja mbio na kalamu ya hesabu sikioni, akifoka kwamba ameambiwa yeye tu, na nyuma yake watu kumi na moja waliosema vilevile. Zahoro alisimama pale, masikio yanawaka moto, akihesabu mafungu. La nne. La tano. La sita likaisha. Akashusha pumzi, akanyoosha mkono apokee karatasi yake akawafungue kuku.

Mama Ketrina hakuitoa.

"FU-NGU LA SA-BA!"

"FU-NGU LA SA-BA!"

Zahoro alihisi ardhi inasogea hatua mia nne. La saba? Aliandika sita. Alikumbuka mpaka nukta aliyoweka. Na huyu mama mbona haangalii karatasi? Alikuwa anasoma hewani, kidevu juu, tena sasa bila kukwamakwama.

"Bidhaa zote zilizoko chumba cha uani, nyumba ya Mama Ketrina," akasoma, na darasa likamfuata neno kwa neno, "zigawiwe akina mama leo, kabla mpaka haujasogea!"

"Hapana!" Zahoro akapaza sauti. "Hakuna fungu la saba! Yapo sita tu!"

Mzee Yonathani akainua kichwa polepole kutoka kwenye daftari.

"Umejuaje?"

Jamani, nakwambia, mtu yule alikuwa na jibu kwa polisi, kwa wadai, kwa baba za wasichana. Akiusema ukweli, ni mtungaji wa nyaraka za serikali za uongo. Akikaa kimya, sabuni inakwenda.

"Ni... nimekisia," akasema.

"Usikisie mambo ya serikali. Na bidhaa zilizoko chumbani, ni zako?"

Akisema ndiyo, ni mlanguzi, na walanguzi mwaka ule hawakupelekwa shambani, walipelekwa mbali zaidi. "Si zangu, Ndugu Balozi. Mimi mchukuzi tu."

Wakaenda. Walipanga foleni uani kwa Mama Ketrina, foleni fupi na yenye adabu, na kila mama akatoka na mche wa sabuni na kifuko cha sukari. Makame alipoiona sabuni yake inapita juu ya vichwa vya wateja wake, alishindwa kujizuia.

"Lakini hiyo sabu—"

"Hiyo nini, Ndugu Makame?" Mama Ketrina akamuuliza kwa upole. "Si ulisema haipo?"

Makame aliwatazama wale kina mama, miezi miwili ya nguo chafu ikimtazama.

"Mulishani," akasema kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Zahoro alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea barabarani. Ijumaa ilikuwa kesho tu, na dereva wa lori huenda angembeba kwa maneno matupu. Sabuni ilikuwa imekwenda, lakini roho ilikuwa salama, mikono ilikuwa salama, laini kama ya mtoto. Ndipo aliposikia anaitwa kwa jina.

"Ndugu Zahoro, usiondoke, darasa halijaisha," Mama Ketrina akasema. "Kuna ukurasa wa nyuma."

Akaigeuza karatasi. Zahoro, aliyekuwa amerudi akasimama mbele yake, akauona mwandiko wake mwenyewe, mafungu sita mazuri yakimtazama yeye. Upande aliokuwa anausoma yule mama ulikuwa mweupe kama unga.

"Fungu la nane," akasoma Mama Ketrina. "Aliyeuleta waraka huu ni mtu hodari, asipotezwe. Jumamosi apande trekta la Galula. Apewe ekari mbili. Apewe na je-mbe."

"JE-MBE!" wakajibu arobaini, miche ya sabuni mikononi.

Mzee Yonathani aliandika. Masharubu yake yalitikisika kidogo, akayashika yakatulia. Kisha akamnyooshea Zahoro kalamu.

"Wewe mmoja hukuitikia. Mama Ketrina, msomee tena."

"Tena, mwanangu, polepole," akasema Mama Ketrina. "Je."

"Je," akasema Zahoro.

"Mbe."