Vibao Vyekundu Viko Kwenye Droo Yangu

Jumatatu, tarehe 3

Nimeteuliwa! Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi, kituo cha kuzuilia wahamiaji. Kamati ina mtu mmoja. Bora, haina mabishano. Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu kuangalia kama walinzi wetu wana raha kazini. Mkuu amesema akiridhika, kiti cha naibu hakina mwenyewe. Nimeshakikalia mara mbili, Mkuu akiwa msalani. Kinanienea.

Nesi, anayejiona daktari, kasema mbele ya wote kwamba walinzi hawataki kamati, wanataka kulala. Eti Bweni la Pili lina mahabusu arobaini na mlinzi mmoja, na mlinzi huyo hajapumzika siku kumi na tisa. Mlinzi mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa amesimama pale anasinzia kama kuku mwenye kideri. Aibu! Kazi nilimwombea mimi.

Jumanne, tarehe 4

Mpango tayari. Ubao wa Hali! Kila mlinzi akiingia zamu anatundika kibao chini ya jina lake. Cha kijani, ana raha. Cha njano, anavumilia. Chekundu, amechoka.

Vibao kavichonga Fundi, seremala, mahabusu wa Bweni la Pili. Miezi kumi na moja sasa anasubiri karatasi zake za kuachiwa. Bure kabisa! Anasema mikono ikikaa, kichwa kinamla. Kapiga msasa kila kona. Nikamsifu, naye akauliza wao mahabusu watatundika wapi vya kwao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ubao ni wa wafanyakazi, nikamwambia.

Jumatano, tarehe 5

Usaliti! Vyekundu ishirini na viwili. Mpishi si mlinzi, lakini naye kaja kuomba chekundu.

Najua ni Nesi. Nimekusanya vyekundu vyote, nimevifungia kwenye droo yangu. Vya njano pia, maana njano ni nyekundu yenye woga. Sasa ni kijani au kijani. Nawahangaikia, wananitukana. Kweli asante ya punda ni mateke.

Shemeji kanifuata ofisini na barua, anaomba Ijumaa. Siku moja tu, alale. Anasema siku hizi anaota akiwa amesimama. Nikamwambia Ijumaa pengo litaonekana kwenye ubao, ajikaze kisabuni. Akaenda kutundika kijani. Kaukosa msumari mara tatu.

Alhamisi, tarehe 6

Mke wangu hasemi nami. Anapitishia maneno kwa binti yetu: mwambie baba yako, mdogo wangu akipatwa na jambo, chakula akaombe kwenye ubao.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Ustawi wa watu wote uko mabegani mwangu, wangu anauangalia nani? Ila ubao leo ni kijani mtupu. Nilisimama mlangoni kuhakikisha.

Ijumaa, tarehe 7

Wamenitilia kitumbua changu mchanga!

Mkaguzi alifika saa nne, mama mfupi mwenye viatu vya raba. Akautazama ubao. Mkuu akatabasamu. Nikaanza hotuba. Nilikuwa kwenye neno raha alipotokea Fundi koridoni. Mahabusu, nje ya bweni! Funguo mkononi, Shemeji begani, damu shingoni.

Kumbe Shemeji alianguka palepale langoni, kichwa sakafuni. Fundi kaita, kaita, hakuja mtu. Kapenyeza mkono kwenye nondo, kachukua funguo, kafungua, kapita milango mitatu hadi hapa. Lango kaliacha wazi. Wale wengine thelathini na tisa hakutoka hata mmoja.

Akamlaza Shemeji kitandani kwa Nesi. Akampa mkaguzi funguo. Kisha akarudi bwenini mwenyewe, akavuta lango, akasubiri wa kumfungia. Hakukuwa na mlinzi! Nikaenda mimi. Nikafunga kwa hasira. Akauliza kama kijana amezinduka. Nikazungusha ufunguo mara ya pili.

Mkaguzi akaomba kibao chekundu, atundike chake. Nikasema vimekwisha. Nesi akanyoosha kidole kwenye droo yangu. Ufunguo ninao mimi. Walisimama wakanisubiri niutoe.

Jumatatu, tarehe 10

Shemeji ana nyuzi saba. Kalala siku mbili mfululizo hospitali. Mapumziko si ndiyo hayo aliyoyataka? Mke wangu kahamia kumuuguza, kaniachia sufuria tupu.

Nimeandika ripoti juu ya Fundi: kutoka bwenini bila kibali, kushika funguo za serikali. Karatasi zake zilikuwa zitoke wiki hii. Sasa hazitoki mpaka kesi isikilizwe. Sheria ni sheria. Halafu nimempelekea mbao achonge vibao vya rangi ya nne, bluu, kwa mlinzi aliyeanguka. Kazirudisha bila kuzigusa. Mvivu!

Naye Mkuu, badala ya kiti cha naibu, kanipa zamu ya Shemeji. Bweni la Pili, peke yangu, kila siku, mpaka apone. Nimeomba Ijumaa nipumzike. Kaniambia nijikaze.

Lakini mimi si mzembe. Funguo nimezifunga kiunoni kwa kamba, mafundo matatu. Kiti nimekisogeza mbali na lango, Fundi asinifikie. Na ubaoni nimetundika kijani.