Kuhusu "Mwakani" Wenu na Viazi Vyangu

Valga, Septemba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Makadirio ya Uchumi, Tallinn.

Salamu nyingi, na poleni na kazi ya kukisia. Mimi ni Leida Tamberg, mjane, naishi nyumba ya mwisho ya nchi yetu kabla ya mpaka wa Latvia. Taarifa yenu naisoma kila inapotoka, pamoja na majedwali. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili karani wenu asipate taabu.

1. Mwanangu Ahto alikwenda Turku, Ufini, kujenga nyumba za watu. Aliniahidi kwamba atarudi uchumi wetu ukikaa sawa. Basi kila mkitoa taarifa nampigia simu namsomea neno kwa neno, na kila mara mmeandika kwamba hali itatengemaa mwakani. Naye hujibu, "Si umesikia mwenyewe, mama? Mwakani." Huu ni mwaka wa sita. Naomba kujua, huo mwakani wenu huwa unafika lini?

2. Mmeandika kwa furaha kwamba nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, yaani pengo kati ya fedha zinazotoka nchini na zinazoingia, imepungua, na kwamba fedha za raia wanaofanya kazi nje zimesaidia. Kumbe kile kiti kitupu mezani kwangu ni faida ya taifa. Sikatai. Ila sikumbuki kuliazima taifa mtoto. Jedwali lijalo naomba liwe na mstari wa viti.

3. Nimejitahidi kuliziba pengo hilo mwenyewe ili mwakani uwahi. Kahawa ya kutoka nje nimeacha, nakunywa ya shayiri, na kichwa kinaniuma kizalendo. Lakini jirani yangu Velda huvuka barabara kwenda Latvia kununua bia, eti kule ni rahisi. Nilimsimamisha getini nikamwambia, "Velda, unaitoboa nchi." Akanijibu, "Nchi gani inatobolewa na kreti moja? Hebu nipishe, mkono unaniuma." Tangu siku hiyo hatusalimiani, na sauna, bafu letu la mvuke, naingia peke yangu. Hasara hiyo nayo sijaiona popote katika taarifa.

4. Jumamosi hii tunavuna viazi. Siku ya viazi mtoto hurudi kwao, hata awe wapi. Mama akivuna peke yake, mtaa mzima unajua kwamba hana mtu. Kwa kuwa uchumi wetu hamwezi kuuponya kabla ya Jumamosi, waandikieni wenzenu wa Ufini wauharibu wa kwao. Kidogo tu, upande wa ujenzi, na Turku peke yake. Viazi vikishaingia ghalani, waurudishe ulivyokuwa.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hasa yule aliyechora mstari unaopanda vizuri mwishoni mwa ukurasa wa tisa. Mkono wake ni mzuri, hata kama hasemi kweli.

Wenu mtiifu, lakini nimekasirika,
Leida Tamberg

Nyongeza: Leo ni Jumapili. Juzi stempu nilikuwa nimeshabandika, mara Ahto akateremka kwenye basi na mizigo yake yote. Ujenzi Turku ulisimama tangu theluji ilipoyeyuka. Aliona haya kurudi mikono mitupu, akawa anajificha nyuma ya mwakani wenu. Taarifa yenyewe hajawahi kuisikia; nilipokuwa nikimsomea, alikuwa akiiweka simu mezani na kwenda kuvuta sigara.

Sasa amekalia kile kiti, anakula. Mimi nimefurahi, na naona haya kufurahi. Kwa hiyo namba ya nne ifuteni, na mkiwaandikia Wafini, waambieni wapone haraka.

Viazi tumevuna watatu, maana Velda alipomwona Ahto shambani alikuja na ndoo yake bila kuitwa. Baadaye mimi na Velda tulivuka barabara, nikanunua kreti mbili za bia. Hizo naomba msiziingize kwenye urari.