Hirizi Kwenye Kibuyu Chirizi

Jumatatu, 3 Machi
Kitinda mimba wetu anaharisha tena. Macho yamezama, hata kulia hawezi. Naogopa. Mke wangu kasema mtoto akizidiwa anambeba anakwenda kwao, mimi nibaki na maneno yangu. Maneno yangu ni haya: jirani ana kijicho! Bwana Afya kampa mtoto maji ya chumvi na sukari, kisha katutundikia kibuyu chirizi nje ya choo: dumu lenye tundu, unakanyaga kamba, maji yanachirizika, unanawa kwa sabuni. Eti tumbo linaanzia mikononi. Tangu lini? Kaniambia nijaribu nione. Haya. Mimi ni mtu wa utafiti.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna anayenawa. Mama yangu kapita kando ya kibuyu kama hakioni. Ndipo nikapata wazo! Nimefunga hirizi yangu kwenye kamba, nikatangaza: atakayetoka chooni asinawe kwa sabuni, kijicho ni halali yake. Mama karudi mbio. Kanawa mpaka viwiko!

Ijumaa, 7 Machi
Maajabu! Mtoto kaomba uji, kamaliza, kanivuta ndevu. Nimelia, sioni haya. Mke wangu kafungua mzigo aliokuwa ameshafunga. Sasa majirani wanapanga foleni kibuyuni, hata yule mwenye kijicho. Bwana Afya kafurahi, ila kaniomba niondoe hirizi, watu wanawe hivi hivi, tuone kama wataugua. Nikamwuliza, dawa inapimwa kwa kuondolewa? Kakuna kichwa. Nimemshinda!

Jumapili, 9 Machi
Tumbo! Langu! Nimeshinda chooni, ole wangu. Mke wangu kauliza kama huwa nanawa. Nikamweleza kwa upole kwamba mwenye hirizi hana haja, hirizi inamjua. Kacheka mpaka kakaa chini. Mama naye, mama mzazi, kacheka.

Nimefikiri sana, nikagundua: sabuni! Povu la mtaa mzima limeichosha hirizi. Nikaificha sabuni chini ya godoro. Mke wangu kaipata mara moja, kasema nikiigusa tena, safari hii mimi ndiye nitakayekwenda kwetu. Kwetu ni hapa hapa! Basi, sabuni wabaki nayo. Hirizi nimeifungua, nimeivaa kiunoni, mahali ambapo maji hayatafika kabisa.