Ukuta wa Majivu ya Kahawa

Jumatatu, 2 Machi 1998
Ukuta wa chumba cha nyuma umelala chini. Na binti yangu Kulthumu anakuja kutoka Muyinga na watoto, huko risasi zimekaribia mlango. Watalala wapi? Simenti hakuna, nchi imewekewa vikwazo, mipaka imefungwa. Fundi Zihalirwa, Mkongo, anasema si lazima simenti: unga wa matofali yaliyovunjikia tanuruni, chokaa, na maji makali ya majivu ya maganda ya kahawa, yale ya kiwandani. Vitu vya kutupwa! Eti vinashikana kama jiwe. Nikamuuliza siku zote siri hiyo alikuwa anamfichia nani.

Jumatano, 4 Machi
Nimechuja majivu. Maji membamba, kama ya kuoshea maharagwe! Haya ndiyo yashike ukuta? Zihalirwa akasema mama, hivyo hivyo, usitie kitu. Kisha akaenda Bugendana, kuna msiba. Vizuri.

Alhamisi, 5 Machi
Jirani yangu Bernadette anapika sabuni. Masalio ya sufuria yake anayamwaga: maji ya majivu yaleyale, lakini mazito, yana mawese. Nimeyachota alipokwenda sokoni. Kumwomba? Mi? Aliyetangaza kwamba nyumba yangu, tangu ukuta uanguke, inachungulia barabara! Nimeongeza na mawese yangu, ukuta ung'ae.

Jumanne, 10 Machi
Umesimama! Nimeupanga mwenyewe, mgongo hauko tena. Unang'aa kama shavu la bibi harusi. Bernadette kapita, kanusa, kasema unanukia. Wivu huo.

Alhamisi, 12 Machi
Mvua. Yooo! Ukuta unatoa povu! Limefika barabarani. Bernadette kacheka mpaka kakaa chini, kaniuliza, Mama Kulthumu, we umejenga ama umepika? Nikamfukuza. Karudi na beseni la nguo. Sabuni nayo imeadimika, basi mtaa wetu wote wa Magarama uko hapa, wanakwangua ukuta wangu!

Ijumaa, 13 Machi
Kulthumu kafika. Watoto wote wazima, alhamdulillahi, miguu imevimba. Ukuta umebaki wa magotini. Bernadette kawachukua walale kwake, hata hakuniuliza. Kawaogesha vumbi la njiani kwa kipande cha ukuta wangu. Nimetokwa na machozi. Povu hilo.

Jumamosi, 14 Machi
Zihalirwa karudi. Kachuja maji membamba, anaanza upya, kaniapisha nisiguse. Sawa, nimekubali kosa: mawese. Ya Bernadette mabovu.
Sasa kaenda kula.
Nimetia samli.