Picha Isiyochuja

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Nimenunua printa! Chanika nzima, mwenye printa ya picha nyumbani ni mimi peke yangu. Korogwe nimekwenda mwenyewe kuichagua. Muuzaji, Gregori, anazo mbili. Nikazinyanyua kama mtu anyanyuavyo majogoo, nikachukua iliyo nzito. Gregori akasema mzee, uzito si hoja, hoja ni wino na karatasi. Eti nichukue wino wa kiwandani na karatasi maalumu ya picha, zitakaa miaka. Nikamwambia cheti cha elimu ya watu wazima ninacho tangu 1974, asinifundishe. Nikachukua wino wa chupa, ule wa kujaza kwa sindano. Na karatasi za manila. Manila ni ngumu, na kitu kigumu kinadumu. Hilo nalo linataka darasa?

Nia yangu naiandika hapa: kumkomesha Ponsiano wa studio. Mwaka wa tatu huu ameitundika dirishani picha yangu nimefumba macho. Wapita njia wananitakia usingizi mwema.

Jumanne, 5 Agosti

Mashine inafanya kazi! Unaweka picha juu ya kioo, unabonyeza, inatoka nyingine, hata kubwa ukitaka. Nimeanza na picha yangu ya kitambulisho. Uso umetoka kijani. Mke wangu Zuena akauliza kama nyongo imenipanda. Hajui sanaa.

Ponsiano akachungulia uani. Shikamoo mwekezaji! Nikamwambia marahaba, sasa ni soko huria, alitafutie mnunuzi lile pazia lake la studio lenye ndege ya kuchorwa.

Mchana akaja Naitoi, mjane wa Leboo, kutoka kule kwa wafugaji. Kafungua kopo la majani ya chai, ndani kitambaa, ndani ya kitambaa picha ya marehemu. Nyeusi na nyeupe, ya 1971, Leboo kasimama na fimbo yake. Picha yake ni hiyo tu duniani. Jumamosi binti yao Nashilu anaolewa, na mama anataka picha kubwa ikae kwenye kiti cha baba. Ponsiano kamwambia lazima aipige upya kwa kamera, asubiri mpaka mkanda umalizike ndipo ausafishe, pengine wiki ijayo. Nikamwambia amefika. Picha yangu itadumu miaka mia! Akasema hakuomba miaka mia. Anaomba Jumamosi.

Jumatano, 6 Agosti

Leboo ametoka mkubwa kama mlango wa kabati. Kidogo ana bluu, lakini baridi ya kipupwe kila mtu anayo. Nikamgusa shavu, likahamia kidoleni. Nikamwanika juani akauke. Kufika alasiri amekuwa waridi. Nikachapa wa pili. Tone moja la maji ya birika, sikio limekwenda.

Nimekaa kwenye kigoda kwa uchungu. Mbele yangu Zuena analoweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili isichuje. Akili yangu ikawaka! Miaka yote wanawake wanayo siri hii na Ponsiano haijui. Zuena akacheka, akasema kanga ni kanga, baba. Nikamjibu rangi ni rangi.

Alhamisi, 7 Agosti

Beseni, maji, nusu kilo ya chumvi. Nikamlaza Leboo wa manila. Na ile picha ya kopo nikaitia humo humo, nayo ipate nguvu. Nikaenda kupiga soga barazani.

Nimerudi. Leboo mkubwa hana kichwa. Fimbo imebaki kidogo, kisha nayo ikaaga. Maji rangi ya zambarau. Na ile ndogo iko chini kabisa, haionekani.

Zuena alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Akaingiza mkono, akaitoa, akailaza juu ya sinia. Akaniuliza, Sadala, huyu mama utamwambia nini? Nikasema niachwe, nafikiri.

Sikuwa nafikiri. Mimi picha ya baba yangu sina. Sura yake naitafuta kichwani, naipata masharubu tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka msikitini, sinia tupu! Zuena kaipeleka picha kwa Ponsiano bila ruhusa yangu. Nikafuata mbio, nikasimama nje, karibu na mimi mwenyewe niliyefumba macho.

Kumbe Leboo mzima! Hata moshi wa miaka umemtoka. Ponsiano akasema picha za zamani zilizaliwa kwenye maji, studio waliziosha kwa mabeseni, hazina hofu nayo. Akaisuuza chumvi. Akaipiga kwa kamera, akaukata mkanda wake nusu, haujaisha, akajifungia chumba cha giza kuchapa ile kubwa. Mimi hakuniambia neno. Hiyo ndiyo dharau yenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi. Leboo kakaa kwenye kiti chake, mkubwa, mweusi na mweupe, fimbo mkononi. Nashilu alipopita akapiga goti mbele yake. Naitoi akanishika mikono yote miwili, akasema mzee Sadala, umesema Jumamosi na imekuwa Jumamosi. Nikapokea shukrani. Ningemkatiza mtu akilia?

Ponsiano alikuwa nyuma yangu na sahani ya nyama. Akaniinamia sikioni: mwekezaji, chumvi imekolea?

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelipima jambo hili siku mbili, kwa utulivu. Picha moja ya Leboo ililowekwa chumvi ikatoka safi kuliko ilivyoingia. Ushahidi huo! Wa manila aliharibika kwa sababu chumvi ilikuwa nusu kilo, na yeye mtu mkubwa. Ponsiano kafanya kazi ya kusuuza tu.

Leo nimenunua chumvi gunia zima. Kibao nimekiandika kwa mkono wangu: SADALA, PICHA ZA KUDUMU, ZIMELOWEKWA. Ya kwanza itakuwa picha yetu ya ndoa, mimi na Zuena, 1968. Hiyo nayo ni moja tu.

Zuena ameondoka nayo alasiri, kaifunga kwenye kanga, kwenda kwa dada yake kule Kerenge. Hakuaga. Si kitu. Kesho namfuata, na chumvi nakwenda nayo.