Futi Yangu na Mtihani wa Kiingereza

Jumatatu, 4 Septemba

Nimeanza kuandika daftari hili leo kwa sababu leo nimedharauliwa, na mimi nikidharauliwa huandika.

Miaka thelathini na moja natengeneza madawati ya shule hii. Madaktari, mawakili, marubani, wote waliosomea hapa walikalia kazi yangu. Hakuna aliyefaulu amesimama. Sasa leo saa nne niko jikoni, nimefuata uji wangu. Akaingia Madamu wa Kiingereza. Bado binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Akauliza kama tunamjua mtu mzima anayejua kusoma na kuandika, ila Kiingereza hajui hata chembe.

Mpishi hata hakufikiri. Akaninyooshea mwiko. "Huyu hapa, Madamu. Huyu ukimwamkia kwa Kiingereza anaangalia nyuma yake."

Wakacheka wote, mpaka muosha masufuria. Mpishi huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilimvumilia siku ya harusi na bado namvumilia.

Nikamweleza Madamu kwamba Kiingereza ninacho, nimekiweka tu, sijapata mtu wa kiwango changu wa kuongea naye. Akatabasamu. Akasema basi kesho saa nane niende chumbani kwake, ana karatasi ya kujaribu.

Nitakwenda. Mpishi atameza huo mwiko.

Jumanne, 5 Septemba

Kumbe ni jambo kubwa! Jumatatu ijayo kidato cha pili wana mtihani wa Kiingereza, sehemu ya kusikiliza na sehemu ya kusoma. Maswali arobaini, kila swali majibu manne, unazungushia moja. Ambaye hakupata zaidi ya nusu haendi kidato cha tatu. Madamu ndiye aliyeutunga. Akaniuliza benchi jipya nalipimaje. Nikamwambia natafuta mtu mnene, anarukaruka juu yake. Likivunjika, halikuwa benchi. Akasema hivyo hivyo, anataka nirukeruke juu ya mtihani wake. Yaani mimi ndiye mzito wa elimu aliyechaguliwa. Sikuuliza zaidi.

Tena mjukuu wangu yuko kidato hicho hicho! Mwaka jana alianguka kwa ajili ya Kiingereza hicho hicho, sasa anarudia, na shule hii hairudishi mtu mara mbili. Akianguka, nje. Na anataka uuguzi tangu ana miaka sita. Kusoma anajiweza. Kusikiliza ndiko kunamshinda.

Tukaanza. Redio ikawashwa. Mwanamume na mwanamke wanaongea mbio kama wanafukuzwa na nyuki. Mara mbili. Sikuambulia kitu. Halafu Madamu anasoma majibu manne, moja baada ya jingine. Masikio yangu yalikuwa yamekwama, lakini macho je? Kila akifika jibu fulani, nyusi zake zinapanda juu ya miwani. Nikawa nazungushia nyusi.

Ikaja hadithi ya kusoma. Ukurasa mzima, sikukuta neno ninalolifahamu. Nikatazama majibu. Mengi mafupi, moja refu. Nikawaza: mimi nikiulizwa jambo la kweli, naeleza mpaka watu wanaondoka. Kwa hiyo refu ndilo la kweli. Yalipokaribiana nikatoa futi yangu ya kazini, nikapima. Swali kwa swali. Nikamaliza kabla ya wakati, nikaomba kalamu nyekundu nijisahihishie. Akakataa.

Jumatano, 6 Septemba

ISHIRINI NA SABA! Kati ya arobaini! Naandika kubwa ili wajukuu wa wajukuu waone bila miwani.

Madamu alipohesabu alikaa chini polepole. Akahesabu tena. Furaha ilimzidi, akashika kichwa. Akaniuliza nimefanyaje. Nikakataa kusema, siri ya fundi ni ya fundi. Nikakaza kama dakika nzima. Ndipo akasema hakuna mwalimu hata mmoja katika shule hii angeweza kugundua nilichogundua. Hapo ningenyamazaje? Nikamweleza yote. Futi nikamwonyesha. Nyusi nikamwigizia. Yeye anaandika, mimi naeleza, yeye anaandika. Mwishoni akanipa mikono yote miwili, akasema nimeuokoa mtihani wake.

Nikapitia jikoni. Nikatangaza alama zangu mara tatu, maana mpishi alijifanya anakuna nazi.

Nyumbani mke wangu hakufurahi. Akauliza, nikishamwambia mwenye mtihani siri ya mtihani wake, ataiacha ilivyo? Nikamjibu kwamba mambo ya elimu ni marefu. Akasema ameona, mpaka yanapimwa kwa futi.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimemkuta mjukuu mezani, sikio limebanwa kwenye redio ndogo, anasikiliza habari za Kiingereza na kuandika anachosikia. Anafuta. Anaandika. Majuma matatu sasa hajui mchezo wala kutembea. Huruma ikanishika, nikazima redio. Nikamwambia ahangaike na nini wakati ana babu?

Nikamfundisha. Nyusi kwa kusikiliza, futi kwa kusoma. Nikampa ile rula yangu ya chuma, ya kimo cha kiganja, ambayo sijawahi kumwazima hata mwalimu mkuu. Akaigeuza geuza. Akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza, kati yangu na yeye, nani ana ishirini na saba? Akaiweka ndani ya mkoba. Kisha akawasha redio tena. Watoto wa siku hizi ni wabishi sijui wamemrithi nani.

Jioni mpishi huyo mlangoni. Mnyenyekevu! Ananiita shemeji kila neno la tatu. Binti yake naye yuko kidato cha pili, na Kiingereza kwake ni giza. Nikamweka amesimama kwanza. Tukakubaliana: nampa siri, na mimi napata kikombe cha pili cha uji kila siku mpaka shule ifungwe. Rula ya chuma sikumpa. Akasema ataazima ya plastiki. Nilimwonya. Shahidi ni mke wangu.

Ijumaa, 8 Septemba

Leo nimefanya kazi ya akili. Nani anapanga madawati ya mtihani na kubandika namba? Mimi. Namba ya mjukuu nimeibandika mstari wa kwanza, katikati, pua kwa pua na meza ya Madamu. Nyusi ataziona mpaka mizizi.

Halafu nikawaza, je, mtu akilihamisha? Nikachukua keekee. Nikatoboa sakafu, nikalifunga dawati kwa boliti nne ndefu. Nikalisukuma kwa bega. Halitikisiki. Hata jengo likiondoka, dawati litabaki.

Uji vikombe viwili. Mwepesi, lakini viwili.

Jumatatu, 11 Septemba

Sina la kusema. Nasema.

Nilikuwa nje ya dirisha la chumba cha mtihani tangu asubuhi, nikijifanya natengeneza bawaba. Madamu akaingia na redio. Badala ya kuiweka mezani, akaipeleka nyuma kabisa ya chumba! Na kiti chake akakipeleka huko huko! Akawaambia watahiniwa kwamba mwaka huu atakaa nyuma yao, asionekane uso, na walio mbele wasogeze madawati kurudi karibu na redio.

Vuta, vuta, wote wakarudi nyuma. Likabaki dawati moja.

Mjukuu akavuta. Mwenzake akaja wakavuta wawili. Madamu akaja wakavuta watatu. Nilitaka kucheka kwa fahari ya kazi yangu, kisha nikakumbuka ni la nani. Madamu akainama, akaziona boliti. Akauliza kwa upole mkubwa ni nani amefanya hivi. Mimi nikainama kutafuta skrubu iliyoanguka. Iliniangukia mbali sana.

Saa ilikuwa imefika. Kila mtu na namba yake, kuhama hakuna. Basi mtoto akabaki mbele peke yake, kama aliyeadhibiwa, redio iko kule nyuma. Ikawashwa. Nikainua kichwa. Amefumba macho! Amelala! Mtu anapimwa kusikiliza, yeye analala! Nikagonga kioo kwa bisibisi. Nikagonga tena. Madamu akaja, akanitazama, akafunga pazia.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na mjukuu. Njia nzima hakutamka neno. Mimi nilitamka kwa niaba yetu wote wawili.

Jumanne, 12 Septemba

Madamu kanituma nikazikate boliti. Ile kazi ya mikono yangu, naikata kwa mikono yangu. Nilitumia saa tatu na misumeno miwili. Boliti nzuri mno. Nilipoinua kichwa nikaona karatasi ya mtihani imesahaulika sakafuni. Nikatoa futi.

Yale majibu yamepigwa randa! Yote! A, B, C na D, urefu mmoja, tofauti haifiki hata unene wa penseli. Aliyemfundisha Madamu ujanja huu ni nani? Nimewafikiria walimu wote. Namshuku mwalimu wa hesabu.

Alhamisi, 14 Septemba

Matokeo yamebandikwa. Sikuweza kusogea, watu wamejaa. Nikapita chini ya mikono yao.

Binti wa mpishi: nane. Alipima kila swali, la kusoma na hata la kusikiliza. Atarudia mwaka.

Mjukuu wangu: ishirini na moja.

Nikahesabu kwa vidole, nikaazima na vya bawabu. Zaidi ya nusu ni ishirini na moja. Amevuka! Kwa alama moja! Nikakaa chini pale pale kwenye majani. Jua lilikuwa kali, ndiyo maana macho yalikuwa yanatoa maji.

Madamu akaja kukaa karibu yangu na karatasi ya mjukuu. Akanionyesha. Kusikiliza, kumi na nne kati ya ishirini. Yeye ambaye kusikiliza ndiko kulikuwa kunamshinda! Akasema alifumba macho ili asikie vizuri, kama alivyozoea kwenye ile redio ndogo. Kusoma, ambako anajiweza siku zote, saba tu. Kando ya maswali kumi kuna alama ndogo za rula. Kumi aliyosoma mwenyewe, amepata sita. Kumi aliyopima, amepata moja.

Madamu akaniangalia, kama anangoja niseme kitu.

Nikasema. Sita na kumi na nne ni ishirini. Ishirini ni nusu kamili, na nusu kamili ni nje. Kwa hiyo alama iliyombakiza shuleni ni ile moja ya rula. Yaani yangu.

Madamu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Ijumaa, 15 Septemba

Uji hakuna. Hata kikombe cha kwanza hakuna. Mpishi hanisalimii. Nilimwambia kwa nia njema kwamba kosa ni la rula ya plastiki, ikipata joto la mkono inapinda. Akaushika mwiko vibaya. Nikaondoka.

Mke wangu naye kanuna, maana aliyeanguka ni binti wa kaka yake. Ananiwekea chakula bila kuniangalia, anauliza chumvi kwa ukuta.

Jioni mjukuu akaja kukaa nami barazani. Alikuwa ameifunga rula ya chuma kwenye kitambaa safi. Akanipa.

"Rula nzuri, Babu. Ipimie mbao."

Nikamkumbusha ile alama moja. Akacheka, akajifuta macho. Akasema siku ile mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye rula kwa sababu ni yangu. Alipofika swali la kumi akaona anaweza kufukuzwa shule, akaiweka chini na kuanza kusoma, na muda ulikuwa unakaribia kwisha.

"Safari nyingine usiniambie kitu, Babu. Hata kama una hakika. Hasa kama una hakika. Niahidi."

Aliushika mkono wangu. Nimeahidi. Mimi nikiahidi, nimeahidi.

Jumatatu, 18 Septemba

Madamu kaniita tena! Ana mtihani wa muhula ujao, wa kidato cha tatu. Bila mimi hawezi. Kanikalisha mbele, yeye na redio nyuma. Nikapima, nikazungushia, nikamaliza wa kwanza, maana nilikuwa peke yangu.

Nimepata tisa.

Madamu alipiga makofi. Akasema, "Mzee, umeanguka vizuri kabisa." Eti sasa mtihani wake ni mzima, kwa sababu asiyejua Kiingereza haupiti. Sikuelewa hapo nani alikuwa anasemwa, na sikutaka kumkatiza mtu akiwa na furaha.

Nikamwomba karatasi yangu. Nikakaa kwenye karakana, nikapima upya yale tisa niliyopata. Nikapima mara mbili kwa futi, mara moja kwa rula ya chuma. Matano kati yake ndiyo mafupi kuliko wenzake! Kwa unywele tu, lakini mafupi! Siri mpya hiyo! Nikaenda mbio kumweleza Madamu, maana utaalamu haufichwi. Akafungua daftari lake, akaandika yote, akanishukuru sana.

Sasa mjukuu. Nimeahidi kutomwambia, na sitamwambia. Neno halitatoka mdomoni mwangu.

Lakini dawati lake la muhula ujao ninalo hapa karakanani, nalipiga msasa. Chini ya kifuniko, pembeni, mahali atakapoegesha mkono wa kushoto, nimeandika kwa penseli ya useremala, herufi ndogo sana: FUPI.

Boliti nimeweka mbili tu.