Inadaiwa Nitapandishwa Cheo

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Bundi anastaafu! Kiti chake cha mwandishi wa kudumu wa gazeti letu hapa Meru kiko wazi. Ni changu. Miaka sita nimeandika safu ndogo ya uvumi, nikihesabiwa kama kibarua. Mpinzani ni mmoja tu, Kajuju wa Mitunguu, ambaye huenda mwenyewe mahali habari ilipotokea. Maskini. Mimi nina neno. INADAIWA! Hukuona? Inadaiwa. Hukwenda? Inadaiwa. Huna hakika hata kama mtu huyo yupo? Inadaiwa yupo. Leo nimelitumia mara kumi na moja katika aya nne. Bi Hidaya, mhariri wetu, atachagua mtu Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Leo neno limefanya kazi ya kusifu. Nimeandika kwamba inadaiwa nyama ya Omar, mwenye bucha hapa Kinoru, ni safi kuliko zote mjini. Omar ni mjomba wa Bi Hidaya. Mwenye akili ameshaelewa.

Jumatano, 5 Machi
Binadamu hana shukrani! Omar amenijia mbio na aproni yake, akisema tangu asubuhi wateja wanageuza mapaja ya ng'ombe wakitafuta muhuri wa daktari wa mifugo. Mama mmoja amenusa maini mara tatu, kisha akaenda kununua ndengu badala ya nyama. Nilimweleza kuwa nimemsifu. Akasema miaka yote gazetini neno hilo hutangulia mwizi, sumu au mke wa mtu. Nimemwambia hajasomea uandishi. Kosa ni la wasomaji.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa nimpige Kajuju. Nimeandika: "Inadaiwa mwandishi mmoja shupavu wa Mitunguu ananyemelewa na gazeti kubwa la Nairobi na ataondoka wakati wowote." Nani atampa kiti mtu anayeondoka? Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Kajuju amepewa kiti. Haki ya Mungu! Bi Hidaya alisoma safu yangu asubuhi, akashtuka, akampigia simu kumsihi asiende. Kajuju akasema haendi popote. Bi Hidaya akadhani anaficha, akamwongezea pikipiki. Pikipiki! Nilienda nyuma ya ofisi nikalia kidogo, wacha niseme ukweli. Kisha nikapanguza macho. Kumbe neno linafanya kazi! Nililitumia kwa mtu asiyefaa, basi.

Jumamosi, 8 Machi
Leo nimejiandika mwenyewe: "Inadaiwa Gikunda, kalamu kali ya Meru, anang'ang'aniwa na gazeti kubwa la Nairobi." Wacha wanisihi. Nitakataa mara mbili, kisha nikubali. Pikipiki yangu iwe nyekundu.

Jumatatu, 10 Machi
Simu haikulia. Nimefika ofisini nikakuta mbuzi ameshachinjwa. Omar amemtoa bure, yeye ambaye hajawahi kuniongezea hata mfupa, akisema amefurahi sana kusikia naenda. Kulikuwa na keki imeandikwa Nenda Salama. Nilijaribu kusema ni uvumi tu. Bundi akanivuta kando, akaniuliza kama nataka kuwaaibisha watu waliokwisha kuchanga. Na kweli, kwetu mbuzi wa kukuaga akishaingia sufuriani, utafanyaje? Unaaga. Hata pasta ameitwa, akaniwekea mikono kichwani na kuniombea safari njema. Kajuju amelia machozi ya kweli, akanikabidhi saa ya ukutani kwa niaba ya wote. Bi Hidaya amechukua kitambulisho changu, akasema safu ameshampa mtu mwingine, hataki kunichelewesha. Nimetoa hotuba ya shukrani. Nimekula mbavu nne.

Jumanne, 11 Machi
Niko nyumbani. Saa ni nzuri, inakwenda. Kazi sina, na inauma, sitadanganya shajara yangu mwenyewe. Tangu asubuhi nimejichunguza kwa unyenyekevu, nikitafuta mahali nilipokosea, na nimepapata. Ni lile neno! Limechakaa, kila mtu analitumia. Mchana huu nampelekea mhariri mmoja wa Embu habari yangu ya kwanza: "Duru za kuaminika zasema mwandishi hodari wa Meru yuko huru, na wahariri wanapigana kumpata." Naanza kupanga nguo. Pikipiki nyeusi pia si mbaya.